Shujaa mwenye deraya hai akitupwa nje ya chombo cha anga, atapona?

Mchora_Vibonzo

Wakuu, naomba msaada wa hesabu. Katika hadithi ya picha ninayoichora, shujaa anaishi na deraya hai. Ni kiumbe kinachokaa chini ya ngozi yake. Akikiita, kinachomoza na kumfunika kuanzia utosini hadi nyayoni ndani ya sekunde 10. Kina unene wa sentimita 2, kina misuli na damu yake chenyewe, na kikijeruhiwa hujiponya. Hakina chuma wala betri. Nimekadiria mita 2 za mraba za ngozi, kwa hiyo deraya nzima ina kilo 44 hivi, na shujaa akiwa ameivaa anafika kilo 120.

Ukuta wa chombo unapasuka, naye anatupwa nje. Nataka kujua kitakachomuua kwanza ni nini, deraya iwe na nini ili aishi saa 8, na kama anaweza kukaa miezi akisubiri kuokolewa. Tafadhali msinijibu kwamba ni hadithi tu niandike nitakalo. Wasomaji wangu wanajua fizikia.

Ombwe_Tupu

Mleta mada, anza na shinikizo. Ndilo linaloua mapema kuliko vyote, na baridi ambayo kila mtu huitaja iko mbali sana nyuma yake.

Kwenye ombwe (mahali pasipo na hewa) mwili haupasuki, ngozi ina nguvu ya kutosha kuuzuia. Ila shinikizo likishuka chini ya kilopaskali 6.3 (hewa ya kawaida ni 101), maji yenye joto la nyuzi 37 huchemka. Mate na machozi huanza, kisha tishu laini hujaa mvuke na mwili unavimba. Damu hubanwa na kuta za mishipa, kwa hiyo haichemki papo hapo. Kinachomaliza mtu ni mapafu: oksijeni inatoka kwenye damu kurudi mapafuni na kupotelea nje, na damu tupu ikifika ubongoni anazimia. Desemba 1966 huko Houston, Jim LeBlanc wa shirika la anga la Marekani (NASA) alikuwa anajaribu suti ndani ya chumba cha ombwe, mpira wa hewa ukachomoka. Alizimia baada ya sekunde 14 hivi, na jambo la mwisho alilokumbuka ni mate yakichemka juu ya ulimi. Alipona kwa sababu chumba kilirudishiwa hewa haraka. Dobrovolsky, Volkov na Patsayev wa chombo cha Kisovieti cha Soyuz 11 hawakuwa na suti vali ilipofunguka tarehe 30 Juni 1971, na wote watatu walikufa.

Kwa hiyo sekunde zako 10 zinatosha kwa shida. Deraya ianze usoni na kifuani, miguu imalizie. Na shujaa asibane pumzi! Mapafu yakizidi shinikizo la nje kwa kilopaskali 10 hivi huchanika, na hewa huingia kwenye damu. Afungue mdomo, hewa itoke, deraya ifunge uso ndipo ijaze oksijeni.

Sasa, deraya itabanaje mwili? Suti za kawaida ni mifuko ya gesi. Suti ya Marekani inayotumika kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga (ISS) hujazwa oksijeni tupu kwa kilopaskali 30 hivi, ya Kirusi 40. Mfuko wa gesi hukakamaa: mwanaanga wa Kisovieti Leonov alipotoka nje tarehe 18 Machi 1965 suti yake ilivimba mpaka akalazimika kupunguza hewa ili arudi ndani. Deraya hai ina njia bora zaidi, nayo ni kuubana mwili moja kwa moja na kuacha gesi iwe kichwani tu. Paul Webb alilijaribu wazo hili kuanzia miaka ya 1960 kwa nguo za mpira zinazobana, na Dava Newman wa chuo cha MIT, Marekani, ameliendeleza. Kilichowasumbua ni mabonde ya mwili: kwapa, kinena, viganja, katikati ya mabega. Kitambaa hunyooka juu ya bonde na kuacha nafasi, na nafasi isiyobanwa huvimba. Kiumbe hai kinaweza kujaza bonde kwa nyama yake. Hapo shujaa wako amewashinda wahandisi.

Lakini usiseme misuli ndiyo inabana. Nguvu ya mvutano inayotakiwa ni shinikizo mara nusu kipenyo cha kiungo. Kwa kilopaskali 30, kidole kinahitaji niutoni 240 kwa kila mita ya upana wa deraya, paja 2,700, kifua 4,500. Msuli hutoa kilopaskali 200 hadi 300 tu ukijikaza mpaka mwisho, kwa hiyo pajani ungehitaji sentimita nzima ya msuli iliyokazwa bila kupumzika kwa saa 8. Utachoka ndani ya dakika chache na kumwaga joto jingi. Tumia kano. Kolajeni, yaani protini inayojenga kano, hubeba takriban megapaskali 100 kabla ya kukatika. Tabaka la nusu milimita kifuani litabeba megapaskali 9 tu, chini ya sehemu moja ya kumi ya uwezo wake. Misuli ivute mara moja, kano zijifunge, misuli ilegee. Mfano upo baharini: kome na chaza hufunga magamba yao kwa saa nyingi kwa msuli unaojifunga bila kutumia nishati nyingi.

Faida nyingine ni kwamba tundu la pajani haliui. Agosti 1960 rubani Mmarekani Joseph Kittinger alipanda hadi kilomita 31 kwa puto, glavu yake ya kulia ikakosa hewa. Mkono ulivimba na kuuma, alipotua ukarudi hali yake. Tundu la hatari ni la kichwani tu, penye gesi: tundu la milimita 1 hupoteza takriban gramu 200 za oksijeni kwa saa, wakati mtu hutumia 35 kwa wastani. Weka kinga nene kuliko yote shingoni na usoni.

Kina_Kirefu

Maelezo ya Ombwe_Tupu ni sahihi, ila kuna kitu kinakosekana, nacho kitamlemaza shujaa akiwa amefunikwa vizuri kabisa: naitrojeni.

Ndani ya chombo alikuwa anavuta hewa ya kawaida, shinikizo la kilopaskali 101, na karibu 79 kati ya hizo ni naitrojeni iliyoyeyuka mwilini. Ukimshusha ghafla hadi 30, inatoka kwa mapovu kama soda iliyofunguliwa kizibo. Ni ugonjwa uleule wa wapiga mbizi: maumivu ya viungo, kifua kubana, au kupooza povu likikaa kwenye uti wa mgongo. Wanaanga wa ISS huvuta oksijeni tupu kwa muda mrefu kabla ya kutoka, na kuna utaratibu wa kulala usiku kucha kwenye chumba chenye kilopaskali 70. Shujaa wako hana usiku kucha.

Dawa ni kupandisha shinikizo la deraya. NASA waliwahi kutengeneza suti ya majaribio ya kilopaskali 57 kwa lengo hilohilo, mtu atoke bila maandalizi. Kwa suti ya gesi ni kazi ngumu kwa sababu viungo vinakakamaa. Kwa kano za mwenzangu hapo juu si tatizo: kifua kitahitaji niutoni 8,600 kwa mita, na milimita 1 ya kolajeni inabeba bila taabu. Oksijeni tupu kwa shinikizo hilo huwasha mapafu polepole. Kwa saa 8 inavumilika, kwa siku nyingi hapana. Akishatoa naitrojeni yake, baada ya saa kadhaa, deraya ishuke taratibu hadi 30.

Ila angalia kifua. Gesi ya mapafuni na mbano wa kifuani lazima viende sawa, tofauti ikizidi kilopaskali chache atashindwa kutoa pumzi au kuivuta. Weka kifuko cha gesi mbele ya mbavu, kiungane na gesi ya usoni. Akivuta pumzi kinanywea, akiitoa kinajaa.

Joto_na_Kivuli

Kuhusu baridi. Ombwe halipitishi joto. Mwili hupoteza joto hasa kwa mnururisho, yaani miali ya joto inayotoka kwenye ngozi. Ngozi ya nyuzi 33 yenye mita 1.8 za mraba hutoa takriban wati 800 kama uso wake unanururisha vizuri. Mtu aliyetulia huzalisha 100, kwa hiyo kivulini anapungukiwa na wati 700. Mwili wa kilo 70 unahitaji kilojuli 245 hivi kushuka nyuzi moja, maana yake dakika 6 kwa kila nyuzi. Haitokei kuganda kwa sekunde moja kama wachoraji wanavyopenda.

Ukimfunika kwa deraya yenye mafuta mengi chini ya uso, tatizo linageuka, ataanza kupikwa na joto lake mwenyewe. Akifanya kazi nzito huzalisha wati 400, na kwa saa 8 hizo ni megajuli 11.5. Suti za leo huliondoa kwa kugandisha maji na kuyaacha yageuke mvuke kwenye ombwe. Kila kilo ya maji huondoka na megajuli 2.4 hivi, kwa hiyo angehitaji karibu kilo 5. Na maji yakikosea njia ni hatari. Julai 2013 mwanaanga Luca Parmitano alikuwa nje ya ISS, maji ya kupozea yakavuja kwenye kofia yake, lita moja na nusu hivi, yakaziba pua na masikio. Kwenye deraya, mishipa ya maji isipite karibu na uso.

Bora zaidi damu ya deraya ipelekwe karibu na uso wa nje na kurudi, inavyofanyika kwenye masikio ya tembo, mishipa ipanuke akipata joto na kusinyaa akipoa. Hapo deraya nzima ni kipoozi, na maji yanabaki kuwa akiba. Rangi nayo ina uamuzi wake. Jua karibu na Dunia hutoa wati 1,361 kwa mita ya mraba, na mtu huonesha Jua takriban mita 0.7. Deraya nyeusi itapokea wati 900, zaidi ya inachoweza kutoa. Nyeupe inayoakisi asilimia 80 itapokea 190. Sisimizi wa fedha wa jangwa la Sahara wana vinywele vya pembetatu vinavyoakisi mwanga wa Jua na wakati huohuo kunururisha joto vizuri. Huo ndio uso unaoutaka. Najua weusi unapendeza kwenye kurasa, lakini mng'ao wa fedha ndio utakaomwacha hai.

Mchora_Vibonzo

Nashukuru sana, wakuu. Nimebadilisha rangi tayari. Nilikuwa nimepanga oksijeni itoke kwa mwani ulio ndani ya deraya, unaotumia mwanga wa Jua. Inawezekana? Na uso wa nje ukiwa hai na una damu, hautakauka?

Seli_Moja

Nianze na uso. Wa nje kabisa lazima uwe mfu. Seli yoyote iliyo wazi kwa ombwe hukauka, na mionzi ya urujuanimno, ambayo duniani huzuiwa na tabaka la ozoni, huvunja DNA yake. Kuna jaribio la Kijapani lililoweka bakteria wa Deinococcus radiodurans nje ya ISS kwa miaka 3. Matabaka yenye unene wa nusu milimita na zaidi yalibaki na seli hai, kwa sababu zile za juu zilikufa na maiti zao zikawa ngao ya zile za chini. Mpe shujaa milimita 2 za ganda kavu lenye nta na melanini, linalobambuka na kuota upya kutoka chini. Kipoozi cha Joto_na_Kivuli hakitaathirika: joto la wati 400 kwa mita ya mraba kupita milimita 2 za ganda linahitaji tofauti ya nyuzi 4 tu.

Na kiumbe chenye utando mwembamba kweli kinaweza kuishi kwenye ombwe. Mwaka 2013 Takahiko Hariyama na wenzake huko Hamamatsu, Japani, waliwaweka mabuu wa inzi wa matunda kwenye ombwe la hadubini ya elektroni. Ute wa ngozi yao, ukipigwa na elektroni, uligeuka utando wenye unene chini ya elfu moja ya milimita, na mabuu waliendelea kutembea kwa muda wa saa moja. Wasiotengenezewa utando walisinyaa na kufa.

Mwani sasa. Kutengeneza oksijeni kunadai nishati ileile ambayo mwili utaitoa ukiitumia. Mtu wa wati 100, kwa usanisinuru wa asilimia 4, anahitaji karibu mita 2 za mraba zinazolitazama Jua muda wote, naye ana 0.7. Hiyo ni hesabu ya hali bora kabisa. Kwenye kituo cha majaribio cha BIOS-3 huko Krasnoyarsk, Urusi, walihitaji mita 8 za mwani wa Chlorella kwa mtu mmoja. Akiwa karibu na Mshtarii mwanga ni mara 27 hafifu zaidi. Kwa saa 8 za kazi, mwani usahau.

Damu pia haifai kuwa ghala. Gramu moja ya himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) hubeba miligramu 1.9 za oksijeni. Kazi nzito ya saa 8 hutumia gramu 800, sawa na kilo 420 za himoglobini.

Ninachopendekeza ni peroksidi ya hidrojeni. Mbawakawa mpiga bomu huihifadhi tumboni, takriban asilimia 25, na akishambuliwa huichanganya na vimeng'enya ikalipuka kwa joto la nyuzi 100. Peroksidi halisi ikivunjika, karibu nusu ya uzito wake hutoka kama gesi ya oksijeni. Kilo 3.4 za mchanganyiko wa asilimia 50 hutoa zile gramu 800, na hubakiza kilo 2.6 za maji, ambayo unaweza kuyavukiza kupoza mwili. Hapo ndipo uzuri wake: peroksidi ikivunjika hutoa joto la megajuli 4.9, na maji hayo yakivukizwa huondoa zaidi ya 6. Ghala linajipoza lenyewe na kusaza.

Hatari yake ni kubwa. Mfuko ukichanika na peroksidi ikaingia kwenye damu, kimeng'enya cha katalasi kitaivunja papo hapo na kujaza mishipa mapovu ya oksijeni. Weka mifuko midogo mingi, kila mmoja umetandikwa nta ndani, upande wa nje wa kano na mbali na mishipa mikubwa. Kiunoni panafaa. Mtiririko uwe wa matone: gramu 2 kwa dakika akitulia, 7 akifanya kazi nzito.

Usisahau hewa ya ukaa, karibu kilo 1 kwa saa hizo 8. Shinikizo lake likipita kilopaskali 2 kichwa kinauma, likifika 7 hadi 10 anazimia huku oksijeni ikiwa tele. Tengeneza mifuko miwili yenye protini za amini. Mmoja unanyonya hewa ya ukaa kutoka kwenye pumzi wakati mwingine umefunguliwa upande wa ombwe ukijisafisha, kila baada ya dakika chache vinapokezana. Mtambo wa kanuni hiyo umejaribiwa ndani ya ISS. Vali ikikwama wazi pande zote mbili ni sawa na tundu la usoni, kwa hiyo weka vali mbili mfululizo.

Ombwe_Tupu

Peroksidi hiyohiyo impe na msukumo, maana bila kutupa kitu nyuma hawezi kusogea hata akipiga mateke siku nzima. Gesi ya kawaida hutoka kwa mita 600 hivi kwa sekunde. Akiwa na kilo 120 na kutumia kilo 1, anapata mita 5 kwa sekunde kwa jumla. Kifurushi cha dharura cha wanaanga wa ISS kina kilo 1.4 za naitrojeni na hutoa mita 3 tu. Vinyweleo vya kurushia viwe vingi na vielekee pande zote. Kile cha wanaanga kina matundu 24, kwa sababu tundu moja lisilopita kwenye kitovu cha uzito humzungusha badala ya kumsogeza.

Alitupwa nje kwa kasi gani? Kama ni mita 5 kwa sekunde, kilo nzima inaisha kumsimamisha tu, na ya kurudia hana. Akisita dakika 10 kabla ya kurusha, atakuwa kilomita 3 kutoka kwenye chombo.

Seli_Moja

Kuhusu miezi: macho hapana, usingizini labda. Dubu mweusi akilala majira ya baridi hushusha matumizi ya mwili hadi robo. Shujaa wa wati 25 anahitaji gramu 150 za oksijeni kwa siku na gramu 60 hivi za mafuta. Kwa kiwango hicho mwani unarudi mezani: mita 0.46 za mraba, naye anazo 0.7. Mgongo wa fedha, kifua cha kijani chini ya ganda angavu linalozuia urujuanimno, na kifua kilitazame Jua daima. Kifua hicho kitapokea wati 800 hivi, karibu sawa na kinachotoka mwili mzima, mradi damu ihamishe joto kwenda mgongoni.

Usimkaushe kama tadigredi, vile vijidudu vidogo sana vinavyostahimili kukauka. Walipopelekwa angani mwaka 2007 walistahimili ombwe, lakini waliopata na mwanga kamili wa Jua wengi walikufa. Tena, kiumbe kilichokauka hakirekebishi DNA mpaka kiloweshwe, madhara yanarundikana wakati wote. Usingizi wa dubu huendeleza ukarabati polepole.

Mionzi yenyewe: chombo cha Curiosity kikiwa njiani kwenda Mirihi, 2011 hadi 2012, kilipima takriban milisiviti (kipimo cha mionzi mwilini) 1.8 kwa siku. Miezi 6 ni 324, zaidi ya nusu ya kikomo cha maisha cha wanaanga wa NASA ambacho ni 600. Si kifo. Sentimita 2 za deraya husimamisha protoni zenye nishati ya hadi megaelektronivolti 50, lakini zile za 100 zinahitaji karibu sentimita 8 za maji. Dhoruba ya Jua kama ile ya Agosti 1972, iliyopiga kati ya safari za Apollo 16 na 17, ndiyo ya kuogopwa. Deraya ikihisi protoni zinaongezeka, ihamishe mafuta na maji yake yote yazunguke nyonga, uti wa mgongo na kifua, penye uboho unaotengeneza damu, na miguu na mikono ibaki na ganda, kano na damu ya kutosha ili isigande.

Na usimweke kwenye mzingo wa karibu wa Dunia kwa miezi. Huko kuna atomi pweke za oksijeni zinazogonga kwa karibu kilomita 8 kwa sekunde na kula kila kitu cha kaboni, na ganda lake ni kaboni tupu. Kama hadithi inakulazimisha abaki huko, lipe ganda vumbi la silika juu ya nta. Oksijeni haiwezi kuunguza kilichokwisha kuungua.